"Daktari, nipe ya tumbo": tumbo gani sasa?

Nauza dawa kwa kemisti moja hapa Kondele, Kisumu, na hakuna maneno naskia kila siku kama haya: "Daktari, nipe ya tumbo." Mimi si daktari lakini huku ukivaa koti nyeupe utaitwa tu hivyo. Nikiuliza inauma wapi, mtu anaweka kiganja kwa kitovu anakizungusha, anasema "hapa hapa yote". Kuna mzee mmoja fundi wa mbao amekuwa akija karibu kila wiki kwa ile dawa nyeupe ya maji ya kutuliza asidi, na kila wiki kiganja kinazunguka hivyo hivyo. Kwa muda mrefu nilidhani watu hawajui kujieleza, alafu nikarudi kwa vitabu vyangu vya chuo nikaona nimewakosea. Tumbo lenyewe ndio limeumbwa hivyo.

Manake mbu akikuuma kidole cha mguu unajua ni kidole gani hata giza ikiwa totoro, juu ngozi imejaa neva na kila moja ina mahali pake kwa ubongo. Ndani ya tumbo neva za maumivu ni chache, zimetawanyika, na zinaingia uti wa mgongo zikiwa zimechanganyika, kwa hivyo ubongo unapata tu habari kwamba huko katikati kuna shida. Kitu unaweza kugawanya ni juu na chini. Shida ya mfuko wa chakula, nyongo ama kongosho huwa inaskika juu ya kitovu, pale chini ya kifua. Ya utumbo mwembamba inaskika kwa kitovu penyewe. Ya sehemu kubwa ya utumbo mpana inaskika chini ya kitovu. Na lugha nayo inatuchanganya zaidi, juu mfuko unaopokea chakula ni tumbo, kuanzia mbavu hadi kiuno yote ni tumbo, mtoto anakaa kwa tumbo la uzazi, na ukienda soko la Kibuye na jiko yako imekosa nyama unanunua matumbo.

Sasa tuchukue sahani moja ya ugali, omena na mrenda, ile ya kibanda, tuifuate mpaka mwisho tuone kila mahali inapopita kuna nini na kunaweza kuharibika nini.

Mdomo watu wanaupita haraka sana. Siku moja kata kipande cha ugali bila mboga, tafuna pole pole, kaa nacho kwa ulimi kama dakika moja, utaskia kinaanza kuwa na utamu. Si mawazo yako. Mate yako na kimeng'enya kinaitwa amilesi ambacho kinakata ile minyororo mirefu ya wanga kuwa sukari fupi fupi, na mtu mzima anatoa mate kama lita moja hadi moja na nusu kwa siku. Kwa hivyo ugali inaanza kusagwa kabla hujameza. Omena yenyewe bado, protini yake haiguswi hapa isipokuwa na meno.

Ukimeza, kifuniko kidogo kinaziba njia ya hewa (ndio unapaliwa ukiongea na chakula mdomoni) na tonge linaingia kwa umio, bomba la misuli la kama sentimita 25 linalopita nyuma ya moyo. Chakula hakianguki tu huko ndani. Misuli inabana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, inabana na kulegea, mpaka chini, na hio kazi inafanyika hata mtu akiwa amelala. Pale mwisho kuna msuli wa duara kama mdomo wa mfuko uliofungwa na kamba, unafunguka tonge lipite alafu unafunga. Ukilegea wakati haufai, asidi inapanda juu na kuchoma umio, na hio ndio kiungulia. Ndio maana ukila sahani kubwa saa nne usiku ukalala hapo hapo unaamka kifua kinawaka, manake mfuko umejaa na wewe uko bapa.

Hapa nataka kukaa kidogo, juu hii sehemu ya nchi yetu ina shida ya umio ambayo haiongelewi vya kutosha. Upande huu wa Afrika Mashariki, kushuka hadi kusini, saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na hospitali ya Tenwek kule Bomet imekuwa ikipokea hao wagonjwa kwa miaka mingi, wengine hawajafika hata miaka 30. Sababu si moja. Tumbaku na pombe zimo, lakini kuna ingine iko kwa meza ya kila nyumba: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilisema vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda vinaleta saratani ya umio. Ni ule moto wenyewe, si majani ya chai. Sisi tunajua kunywa chai ikitoka kwa jiko moshi ukipanda, na mtu akingoja ipoe anaambiwa anakunywa maji. Tafadhali ngoja ipoe. Na mtu akianza kusema nyama inakwama, alafu wiki zingine ugali inakwama, alafu anabaki na uji peke yake, huyo asiletewe dawa ya koo kutoka kwangu. Huyo anahitaji umio wake uangaliwe na kamera, na aende mapema.

Tonge letu limefika kwa mfuko wa tumbo. Mfuko huu uko juu upande wa kushoto, sehemu kubwa imefichwa na mbavu, si kwa kitovu kama wengi wanavyofikiria. Unabeba vizuri lita moja hadi moja na nusu. Ndani kuna asidi ya haidrokloriki kali sana, inaua vijidudu vingi vilivyokuja na chakula na inaamsha kimeng'enya kinaitwa pepsini ambacho ndicho kinaanza kukata protini ya ile omena. Misuli yake inakanda kama mtu anasonga ugali, mpaka chakula kinakuwa uji mzito. Kwa kawaida inachukua saa 2 hadi 4 kumwaga yote, na ukila kitu cha mafuta mengi inachelewa zaidi, ndio maana chipo inakaa na wewe hadi jioni.

Swali ambalo kila mtu anafaa kujiuliza: kama hio asidi inayeyusha nyama, kwa nini haiyeyushi mfuko wenyewe, na mfuko ni nyama? Jibu ni kwamba mfuko umejipaka ute mzito wenye baikaboneti, kitu cha jamii ya magadi, inayomaliza nguvu ya asidi kabla haijagusa ukuta. Na seli za juu za huo ukuta zinabadilishwa kila baada ya siku chache. Alsa ni pale hio kinga imetobolewa na asidi ikapata nyama.

Na hapa ndio nabishana na wateja wangu sana. Huku kila maumivu ni "alsa". Mtu ameharisha, alsa. Mtu ana njaa, alsa. Alafu wanasema imeletwa na pilipili na mawazo. Pilipili inaweza kukuchoma kidonda kikiwa kipo, lakini si yeye alikichimba. Kwa miaka mingi hata madaktari wa dunia nzima walikuwa wanasema ni mawazo na vyakula, mpaka Waaustralia wawili kutoka Perth, Robin Warren na Barry Marshall, wakaona bakteria mwenye umbo la kujizungusha kwa mifuko ya wagonjwa. Watu hawakuamini, wakasema hakuna bakteria anaweza kuishi kwa asidi kama hio. Mwaka 1984 Marshall akachukua kikombe chenye hao bakteria akakinywa mwenyewe. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, mfuko umevimba ndani, na walipochukua kipande wakawapata bakteria wako hapo. Mwaka 2005 walipewa Nobel. Huyo bakteria ni Helicobacter pylori, wengi huku tunamjua kama H. pylori, na anatibiwa kwa antibayotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, na zimalizwe. Dawa nyeupe ya maji inatuliza moto ya siku hio tu, bakteria anabaki kwake. Anapimwa kwa choo ama kwa pumzi, au wakati wa kamera.

Chanzo cha pili ni sisi wenye kemisti tunauza, na nasema hivi nikijua naongea kuhusu kazi yangu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Hizi dawa zinapunguza maumivu kwa kuzuia kemikali zinaitwa prostaglandini, na hizo hizo prostaglandini ndizo zinaambia mfuko utengeneze ule ute. Ukizimeza kila siku kwa miezi, unaondoa kinga mwenyewe.

Tuendelee. Mlango wa chini wa mfuko unaachilia ule uji kidogo kidogo kwa duodenamu, kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, kama sentimita 25. Jina limetoka kwa Kilatini, ni kumi na mbili, juu wazee wa zamani walipima wakapata upana wa vidole 12. Kipande kifupi lakini kazi ni nyingi ajabu. Kongosho linamwaga maji yenye baikaboneti kuzima ile asidi, pamoja na vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta, vyote pamoja. Ini, lile pande la kama kilo moja na nusu upande wa kulia chini ya mbavu, linatuma nyongo. Nyongo si sumu. Ukikaanga omena kwa sufuria alafu ujaribu kuosha na maji baridi peke yake, mafuta yanateleza tu yanabaki, mpaka uweke sabuni. Nyongo ndio hio sabuni, inavunja mafuta kuwa matone madogo madogo ndio kimeng'enya kiyafikie. Njia yake ikizibwa na jiwe, au uvimbe kwa kichwa cha kongosho, macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi na choo kinapauka. Hio si ya kemisti.

Baada ya hapo ni utumbo mwembamba wenyewe. Vitabu vinasema mita 6 hivi, lakini hio ilipimwa kwa maiti ambayo misuli yake imelegea, kwa mtu hai umejikunja ni mfupi zaidi. Ukitaka kuelewa venye umetengenezwa, angalia matumbo ya ng'ombe ile sehemu ya taulo, yenye vinywele vinywele. Ile ni mfuko wa kwanza wa ng'ombe na si utumbo, lakini hesabu ni moja: ukuta wenye vinywele una eneo kubwa kuliko ukuta laini. Wetu una mikunjo, juu ya mikunjo kuna vinyweleo vya nusu milimita hadi moja, na kila seli ya kinyweleo ina vinyweleo vyake vidogo huwezi kuona bila darubini. Zamani tulifunzwa ati ukiutandaza unajaza uwanja wa tenisi. Watafiti wa Sweden walipima upya mwaka 2014 wakapata kama mita mraba 30, yaani chumba cha mita 5 kwa 6. Bado ni ajabu, chumba kizima ndani ya mtu. Hapa ndipo chakula kinakuwa mtu: ugali inaingia damu kama glukosi, omena kama amino asidi, na mafuta yanapitia njia yake ingine, mishipa ya limfu, kabla ya kufika kwa damu.

Sasa maji. Kwa siku moja unakunywa na kula kama lita 2 za maji, lakini mate, mfuko, nyongo, kongosho na utumbo wenyewe wanaongeza kama 7. Jumla 9, karibu nusu ya mtungi wa lita 20, inapita humo kila siku, na kwa choo inatoka tu kama nusu kikombe. Karibu yote inarudishwa kwa damu. Ukijua hivyo unaelewa kwa nini mtoto anaweza kufa kwa kuharisha siku moja. Hajaharisha maji aliyokunywa peke yake, ameharisha mpaka yale ya mwili wake.

Sisi wa karibu na ziwa kipindupindu tunakijua vizuri. Bakteria wake hali ukuta wa utumbo wala hautoboi. Anatoa sumu inayofanya seli zifungue mifereji ya kloraidi bila kufunga, chumvi inatoka na maji yanaifuata, lita baada ya lita. Lakini kuna mlango mmoja ambao hio sumu haiugusi, na huo mlango una sheria yake: haubebi sodiamu (ile ya chumvi) peke yake wala glukosi peke yake, inabidi waingie pamoja, na wakiingia maji yanafuata. Robert Crane aliueleza huo mlango Prague mwaka 1960. Miaka 11 baadaye, vita vya Bangladesh vikiwa vimefukuza watu, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kwa kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, drip zinaisha, watu wamelala chini kwa matapishi, karibu 30 kwa kila 100 wanakufa. Akaamua kuwapa watu maji ya chumvi na sukari ya glukosi wanywe. Vifo vikashuka chini ya 4 kwa kila 100.

Hio ndio ORS tunauza hapa, ya bei ndogo sana, na watu wanaidharau wanataka kidonge cha kufunga. Mama mmoja aliniambia, "Hio ni maji tu ya sukari, mwanangu, nipe dawa." Nikamwambia mama, hapana, sukari hapo si ya utamu, sukari ndio ufunguo wa chumvi kuingia, na chumvi ndio inavuta maji. Ukikosa paketi: maji safi yaliyochemshwa lita moja, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na NUSU kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi, inaumiza mtoto. Na usimpe soda, juu sukari yake imezidi sana na inavuta maji kutoka kwa mwili kurudi kwa utumbo, ataharisha zaidi. Mtoto pia anapewa zinki siku 10 hadi 14. Akiwa macho yameingia ndani, hanywi, analegea, usikae na mimi kwa kaunta, beba boda saa hio.

Maziwa nayo kidogo. Kuna watu wakinywa maziwa fresh wanajaa gesi wanakimbia choo, wanasema wamerogwa ama maziwa ni mbaya. Ni kwamba kimeng'enya cha kukata sukari ya maziwa, lakitesi, kinapungua kwa watu wengi baada ya utoto. Kwa jamii za wafugaji kuna waliobaki nacho hadi uzeeni, na utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake wa 2007 ulionyesha wafugaji wa Kenya na Tanzania walipata hio badiliko kivyao, tofauti na ile ya Wazungu. Na mursik ya majirani zetu Wakalenjin, ama maziwa lala tu, inakaa vizuri kwa tumbo juu bakteria washakula sehemu ya hio sukari kabla yako.

Kinachobaki kinaingia utumbo mpana, mita moja na nusu hivi, upande wa chini kulia. Hapo mwanzoni ndipo kidole tumbo kimening'inia, na kikivimba utaona yale niliyosema kuhusu neva: maumivu yanaanza kwa kitovu, ya kuzunguka, mtu anadhani amekula kitu kibaya, baada ya saa kadhaa uvimbe unagusa utando wa ukuta wa tumbo ambao una neva nzuri kama za ngozi, na ghafla mtu anaweza kuonyesha na kidole kimoja, chini kulia. Maumivu yaliyohama hivyo, nenda hospitali usinywe dawa ya minyoo.

Utumbo mpana ndio mji wa bakteria, mwili mzima una kama trilioni 38 na wengi wao wako hapo. Mrenda yetu inafika hapa ikiwa bado na ule utelezi wake, manake sisi hatuna kimeng'enya chake, lakini bakteria wanacho. Wanaila na kutoa asidi fupi ambazo seli za utumbo mpana zinatumia kama chakula. Githeri pia, sukari za maharagwe zinazoitwa rafinosi na stakiosi zinapita juu kote bila kuguswa, bakteria wakizipata wanatoa gesi. Loweka maharagwe usiku na umwage hayo maji, gesi itapungua. Daktari Denis Burkitt wa Ireland, aliyefanya kazi hapo Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi 1960, aliona magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaa Uingereza yakiwa nadra kwa watu wa vijijini aliowatibu, na akatumia miaka iliyofuata kuambia dunia kuhusu nyuzinyuzi za chakula. Nikiona vijana hapa steji wanakula chipo na soda asubuhi na jioni, alafu wanakuja kuuliza dawa ya choo ngumu, nafikiria mrenda na managu ziko Kibuye zinauzwa na hawazitaki.

Mpaka sahani itoke ni siku moja hadi tatu. Rangi ya kahawia inatokana na rangi ya nyongo, ambayo nayo imetokana na damu nyekundu iliyozeeka na kuvunjwa. Tumefunzwa tusiangalie choo wala kukiongelea, lakini angalia. Damu nyekundu mbichi kwa kawaida imetoka sehemu ya chini. Choo cheusi kama lami, kinachonata na harufu kali sana, ni damu iliyotoka juu, kwa mfuko ama duodenamu, ikasagwa njiani na asidi na bakteria (vidonge vya madini ya chuma pia vinafanya choo kiwe cheusi, kwa hivyo uliza kwanza).

Juzi yule mzee fundi amekuja tena, kiganja kinazunguka juu ya kitovu. Sikuchukua ile chupa nyeupe. Nikamuuliza, "Mzee, nisamehe kwa swali, choo ni rangi gani?" Akaangalia nyuma kama kuna mtu kwa foleni, akasema kwa sauti ya chini, "Nyeusi, kama lami ya barabara, ni wiki ya pili." Nikamuuliza anameza nini kingine. Akatoa kwa mfuko wa shati diklofenaki, ya goti, anainunua kwa duka lingine, moja asubuhi moja jioni tangu mwaka jana. Ngozi ya ndani ya macho yake ilikuwa nyeupe. Nikamwandikia kwa karatasi jina la dawa na rangi ya choo, nikamwita jamaa wa boda ampeleke hospitali, na nikamwambia hio karatasi aitoe kabla hajaulizwa inauma wapi.